Barabara Kabla ya Kuta: Nyakato na Hesabu ya Makazi ya Gharama Nafuu Mwanza

Daladala zinazotoka katikati ya Mwanza kwa Barabara ya Musoma hupita Mabatini kwanza, kisha Nyakato. Mabatini nyumba zimeparamia kilima zikijibana kati ya majabali, na njia nyingi ni vijia vya mawe visivyopitisha hata bajaji. Mwenye kujenga huko hulipa mara mbili: ananunua mchanga na saruji, kisha anawalipa vijana wa kuvibeba kichwani mpaka kiwanjani. Kilomita chache mbele, Nyakato, mitaa imenyooka na lori la matofali hufika hadi kwenye msingi. Tofauti hiyo haitokani na kipato cha wajenzi peke yake. Inatokana na mtu aliyetoa fedha mapema, na kitu alichozitolea.

Mwaka 1974 Serikali ya Tanzania, kwa mkopo wa Benki ya Dunia, ilianza mradi wa taifa wa viwanja vyenye huduma. Awamu ya kwanza ilihusu miji mitatu: Dar es Salaam, Mwanza na Mbeya. Awamu ya pili, iliyoanza 1977, ikaongeza miji mingine, ikiwemo Tanga, Tabora na Morogoro. Mradi ulikuwa na mikono miwili. Mkono wa kwanza ulitafuta ardhi ambayo bado haijajengwa, ukaipima na kuchonga barabara na mitaro, ukaleta maji, ukatenga maeneo ya shule, zahanati na soko, kisha ukagawa viwanja. Sinza na Kijitonyama za Dar es Salaam zilizaliwa hivyo, na Nyakato ya Mwanza pia. Mkono wa pili uliingia katika makazi yaliyokwisha kujengwa bila mpango, kama Manzese, ukapitisha barabara, maji na taa katikati ya nyumba zilizokuwapo.

Msingi wa mradi ni kwamba serikali haikujenga nyumba. Katika miaka ya 1960 Shirika la Nyumba la Taifa, lililoundwa 1962, lilikuwa limejaribu kubomoa vibanda na kujenga nyumba mpya mahali pake, na hesabu ikakataa: kila nyumba ilikula fedha ambazo zingetosha kupima viwanja vingi. Mradi wa 1974 ukagawa kazi. Dola ingelipia kile ambacho mtu mmoja hawezi kukifanya hata akiwa na fedha, yaani barabara, mtaro, bomba na mpaka unaotambulika kisheria. Mwananchi angejenga ukuta wake kwa kasi ya mfuko wake, chumba kimoja mwaka huu na kingine baada ya mavuno. Kwa mkopo wa ujenzi kulikuwa na Benki ya Nyumba Tanzania, iliyoundwa 1972.

Matokeo yamepimwa. Mchumi Guy Michaels na wenzake walirudi katika mitaa ya mradi huo katika miji saba, Mwanza ikiwemo, wakailinganisha na mitaa ya jirani ambayo haikuguswa. Katika matokeo waliyoyachapisha 2021 walionyesha kuwa maeneo yaliyopimwa kabla ya kujengwa yana nyumba kubwa zaidi, zilizopangika na zenye ubora wa juu, hata baada ya miongo kadhaa. Maeneo yaliyoboreshwa baada ya kujengwa hayakuonekana kuwa bora kuliko yale yasiyopangwa kabisa. Kwa diwani wa Mwanza anayepiga kura ya bajeti hilo ni jambo zito. Shilingi ile ile ikitangulia nyumba huishi miaka hamsini, na ikizifuata mara nyingi huchakaa pamoja na mtaro iliouchimba.

Hata hivyo Nyakato ina upande ambao wanaoisifu huuruka. Mradi ulikusudiwa ujilipe. Wenye viwanja wangelipa kodi ya ardhi na tozo ya huduma, na fedha hizo zingerudi kutunza barabara na kupima viwanja vya wengine. Katika mradi mzima makusanyo yalikuwa duni, na sababu kubwa iko katika kalenda. Serikali za mitaa zilifutwa 1972 katika mpango wa madaraka mikoani, na halmashauri za miji hazikurudi mpaka 1978. Mradi wa kujenga mitaa ukatekelezwa wakati miji haina halmashauri. Wizara ilijenga, lakini kwenye mtaa wenyewe hakukuwa na chombo chenye kitabu cha wadaiwa, chenye mkusanyaji anayefahamika, wala chenye aibu ya kujibu mtaro ukiziba. Halmashauri ziliporudi zilikabidhiwa miundombinu bila mapato yake. Benki ya Nyumba nayo ilikufa 1995 ikiwa na mikopo chungu nzima isiyorejeshwa.

Kulikuwa na uvujaji mwingine pia. Kiwanja chenye maji na barabara hupanda thamani, na mwenye kipato cha chini akibanwa na ada ya shule au ugonjwa hukiuza kwa mwenye nacho. Sehemu ya viwanja vya mradi ilihama mikono hivyo. Sioni kwamba hilo linabatilisha mradi. Linaonyesha tu kwamba kugawa viwanja mara moja na kuacha hakutoshi: uhaba ukirudi, bei huwafukuza walengwa. Dawa ni kuendelea kupima kila mwaka, na kupima kila mwaka kunataka mfuko unaozunguka, yaani ule ambao haukuzunguka.

Jiji lenyewe halikusubiri. Katika wilaya zake mbili, sensa ya 2012 ilihesabu watu 363,452 Nyamagana na 343,001 Ilemela. Ile ya 2022 ikakuta 594,834 na 509,687. Wengi walioongezeka walijipimia wenyewe, kwa hatua za miguu na shahidi wa mtaa, Mabatini, Igogo, Bugarika, Isamilo na Kilimahewa. Jibu la serikali likawa urasimishaji, chini ya programu ya kitaifa ya 2013 hadi 2023. Mpima anapita kati ya nyumba zilizopo, anaweka bikoni, majirani wanakubaliana kuachia njia, mchoro unaidhinishwa, na mwenye nyumba anaomba hati. Hapa fedha hutoka kwa mwananchi, na William Lukuvi akiwa Waziri wa Ardhi aliweka ukomo wa Sh 150,000 kwa kiwanja baada ya malalamiko ya gharama.

Naunga mkono urasimishaji. Hati humkinga mjane na shemeji mwenye tamaa, na humfanya mtu athubutu kuweka tofali la pili. Lakini kilima kikishajengwa, mchoro hauwezi kuzaa barabara pale palipo jabali na sebule ya mtu. Ndiyo maana kazi ya kusifika zaidi katika vilima vya Mwanza ni ya mabomba. Mamlaka ya maji, MWAUWASA, imejenga mfumo rahisi wa majitaka katika maeneo kama Igogo, Mabatini na Kilimahewa, ndani ya mradi wa usafi wa mazingira wa Ziwa Victoria uliofadhiliwa na taasisi za Ulaya. Bomba ni jembamba, halichimbiwi chini sana, linazunguka jabali na kupita nyuma ya jiko la huyu na ubavuni mwa choo cha yule mpaka likutane na bomba kuu liendalo kwenye mabwawa ya Butuja. Kabla yake, mvua ilikuwa nafasi ya kuvitapisha vyoo, na kilichotapikwa kikashuka hadi Mto Mirongo na kuingia ziwani, ziwa lile lile tunalochota maji ya kunywa. Barabara za mawe yaliyochongwa hapa hapa, zilizojengwa katika baadhi ya vilima, ni za fikra hiyo hiyo: kutumia jabali badala ya kupigana nalo. Lakini yote haya yamefika miaka mingi baada ya nyumba, na kwa kazi ngumu kuliko ile ya Nyakato.

Sasa nani analipa leo? Fuatilia tokeni ya umeme. Tangu Agosti 2021 kodi ya majengo hukatwa mtu anaponunua umeme wa LUKU. Ilianza kwa Sh 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na Julai 2023 ikapanda hadi Sh 1,500. Kwa ukusanyaji ni hatua kubwa, maana mita haisahau wala haihongeki. Kwa haki, ina kasoro mbili zinazoniuma. Mpangaji wa chumba ndiye anunuaye umeme, hivyo kodi ya jengo lisilo lake inakatwa kwenye buku tano aliyoitafuta kutwa nzima, juu ya pango la miezi sita alilolipa kwa mkupuo. Tena kiwango ni kimoja nchi nzima: nyumba isiyo ya ghorofa ya Capri Point inayotazama ziwa na ile ya bati la kutu Igogo zinakatwa sawa. Halmashauri haipangi kiwango hicho, na mlipaji haoni uzi wowote kati ya makato yake na mtaro wa mtaani kwake. Tozo ya Nyakato iliharibikiwa kwa sababu hiyo hiyo.

Kwamba halmashauri zinaweza kutenga fedha kwa lengo maalumu tumekwisha kuona. Sheria inazitaka ziweke kando asilimia 10 ya mapato ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu. Utaratibu huo ulisimamishwa Aprili 2023 baada ya madudu ya vikundi hewa, kisha ukarejeshwa 2024. Ulivurugika ukarekebishwa kwa sababu ulikuwa na kasma yake, na mkaguzi alikuwa na mahali pa kuuliza. Makazi hayana asilimia. Mkopo wa Wizara ya Ardhi wa kupanga, kupima na kumilikisha, Sh bilioni 50 zilizotengwa mwaka wa fedha 2021/22 bila riba kwa halmashauri kadhaa nchini, ulikuwa wazo sahihi, maana viwanja vikiuzwa fedha hurudi. Unahitaji kuwa desturi ya kila bajeti.

Wasio na paa kabisa wana hali mbaya zaidi kwenye vitabu. Mwanza ni njia panda ya Kagera, Geita, Shinyanga, Simiyu na Mara, na watoto wanaokimbia vipigo au njaa nyumbani hushukia stendi zake. Shirika la Kuleana lilianza kuwahudumia hapa mwanzoni mwa miaka ya 1990, na wengine wamefuata, karibu wote kwa fedha za wafadhili. Sheria ya Mtoto ya 2009 inasema wazi kuwa kulinda ustawi wa mtoto ni wajibu wa mamlaka ya serikali za mitaa katika eneo lake. Wajibu upo kwa jina la halmashauri, kitanda kipo kwa hisani ya mfadhili, na mfadhili akifunga mradi afisa ustawi wa jamii hubaki na faili na simu ya kubipu familia za kuaminika zinazoweza kumpokea mtoto. Gharama ya kulaza watoto usiku, kuwatafuta ndugu zao na kulipa nauli ya kuwarudisha Ngara au Bariadi ni ndogo ukiiweka kando ya kilomita moja ya lami. Ipewe kasma yake katika mapato ya ndani, madiwani waisome kwa sauti kila robo mwaka.

Na viwanja vijavyo viko nje ya mipaka ya jiji. Daraja la Kigongo–Busisi lilifunguliwa Juni 2025, na reli ya kisasa kutoka Isaka inajengwa. Ujenzi unakimbilia Usagara, iliyo Wilaya ya Misungwi, na Kisesa, iliyo Magu, halmashauri zenye mapato madogo kuliko ya Nyamagana au Ilemela. Mashamba mengi huko bado ni mihogo na mpunga, na barabara zinaweza kuchorwa bila kubomoa jiko la mtu. Fidia ndiyo kikwazo cha kwanza. Nafuu iliyopo ni kukubaliana na mwenye shamba abaki na sehemu ya viwanja vitakavyopimwa, badala ya kumsubirisha hundi. Halmashauri hizo nne zingeweza kuanza na mchoro mmoja na akaunti moja ya upimaji, yenye jina la atakayekusanya na jina la atakayejibu, kabla mvua za masika hazijapisha msimu mwingine wa kufyatua tofali.