Ufundi wa Abiria

Nahodha ana sifa zake, na rubani wa bandari ana zake. Abiria hasifiwi. Hudhaniwa kazi yake ni kulipa, kula na kulala, na kwamba meli ya kitalii ikishang'oa nanga mambo hujiendea yenyewe. Mimi naona vingine. Watu wawili hulipa nauli sawa, wakalala vyumba vinavyopakana, wakateremka bandari zile zile. Mmoja hurudi nyumbani amechoka kuliko alivyoondoka, ana picha tele kwenye simu na hana la kusimulia. Mwenzake hurudi ameshiba safari. Kilichowatenganisha ni ufundi. Unafundishika, na sehemu yake kubwa hufanyika nyumbani, mezani, miezi kadhaa kabla ya mtu kuonja chumvi mdomoni.

Safari za namna hii zilianza kwa hesabu ya kibiashara. Albert Ballin wa Hamburg, aliyesimamia abiria katika shirika la meli la HAPAG, aliona meli kubwa za Atlantiki zikikosa watu kila majira ya baridi. Januari 1891 shirika likaitoa moja, Augusta Victoria, ikaenda kuzunguka Mediterania na abiria wasiokuwa na shughuli yoyote huko waendako. Jambo lilipendwa, hata mwaka 1900 ikashushwa majini Prinzessin Victoria Luise, meli iliyojengwa tangu mwanzo kwa ajili ya matembezi tu. Na hata sasa ni Mediterania ambako ningemshauri mtu wa kwetu aanzie. Bandari zimekaribiana, meli hutembea usiku na kuamkia mji mwingine, na kwa wiki moja mtu anaweza kuiona Barcelona, Marseille, Genoa, Napoli na Palermo, na nguo zake zimetundikwa kabati lile lile.

La kwanza ni majira. Hili mtu wa pwani halioni geni, maana vyombo vya zamani vilishuka kwetu na kaskazi vikarudi Arabuni na kusi, na hata leo meli za kitalii huja Mombasa na Unguja zaidi kati ya Novemba na Machi, bahari ikiwa imetulia. Mediterania nayo ina adabu zake. Julai na Agosti joto ni kali, shule zimefungwa sehemu kubwa ya Ulaya na bei zimepaa. Majira ya baridi huvuma mistral, upepo mkavu unaoteremka bonde la mto Rhône na kuichafua bahari mbele ya Marseille. Mimi huchagua Mei, au mwisho wa Septemba kuingia Oktoba, wakati foleni zimepungua na nauli imeshuka.

Kisha ukubwa wa meli. Icon of the Seas, iliyoanza safari zake Januari 2024, ina sitaha ishirini na ikijaa huchukua abiria zaidi ya 7,000. Ilijengwa Turku, Finland, na kampuni ya ukoo wa Meyer, ukoo ule ule ambao karakana yake ya Papenburg, Ujerumani, iliijenga mwaka 1913 Graf von Götzen, ambayo sisi tunaijua kwa jina la Liemba: ilisafirishwa kwa vipande ndani ya makasha hadi Dar es Salaam, ikapanda treni mpaka Kigoma, ikaunganishwa hapo kando ya Ziwa Tanganyika. Napenda kulikumbuka hilo kila nionapo majumba hayo yanayoelea. Meli kubwa inawafaa wenye watoto, na inaufaa ukoo uliotawanyika. Familia iliyogawanyika kati ya Mombasa, Muscat na London inaweza kukutana humo, bibi akakaa na wajukuu wiki nzima pasiwe na mwenyeji wala mgeni, na pasiwe na wa kuingia jikoni. Anayeifuata bahari yenyewe atafute ndogo.

Sasa chumba, na hapa ndipo fundi anapojulikana. Kila kampuni hutoa ramani ya meli yake, sitaha baada ya sitaha. Ichapishe kwenye karatasi. Tafuta chumba unachouziwa, weka kidole juu yake, kisha tazama kilichopo mahali hapo hapo kwenye sitaha ya juu, halafu ya chini. Unataka vyumba juu na vyumba chini. Kidole kikiangukia bwawa la kuogelea, ujue saa kumi na moja alfajiri kuna watu watakaokuwa wanaburuta viti vya kuota jua juu ya kichwa chako. Kikiangukia jiko, utasikia magurudumu ya mikokoteni usiku kucha. Chini kukiwa na ukumbi wa muziki, ngoma itapanda mpaka kwenye mto wako. Angalia pia alama ndogo inayounganisha vyumba viwili: ni mlango wa ndani, na mlango huo hupitisha kikohozi cha jirani, na mazungumzo yake pia.

Halafu itazame meli kwa urefu. Mawimbi yakiinyanyua, omo na tezi ndizo zinazosafiri zaidi. Ni kama ubao ambao watoto wameulaza juu ya gogo: walio mwisho hurushwa, aliyekaa katikati hasogei sana. Na kadiri unavyoshuka kuyakaribia maji ndivyo kuyumba kunavyopungua. Ndiyo maana chumba cha chini, katikati ya meli, kinachouzwa kwa bei ndogo, mara nyingi kinalifaa tumbo kuliko roshani ya juu kule mbele ambayo watu huiuza na kuinunua kwa fedha nyingi. Chumba kisicho na dirisha ni rahisi zaidi, lakini giza lake ni zito na asubuhi haiingii. Mimi huongeza fedha nikapata dirisha, na roshani nikawaachia wengine.

Makaratasi ndiyo yanayowaangusha wengi wa kwetu. Mwenye pasipoti ya Kenya au Tanzania atahitaji viza ya Schengen, na ratiba ikiwa na bandari iliyo nje ya eneo hilo, Tunis au Istanbul kwa mfano, basi iwe ya kuingia mara nyingi. Ukiwa na ya kuingia mara moja, kurudi kwako Italia ni kuingia mara ya pili, na huna ruhusa. Ombi huruhusiwa kupelekwa hadi miezi sita kabla ya safari, likiambatana na bima ya afya isiyopungua yuro 30,000. Na nauli unayoiona kwenye tangazo haijamaliza gharama. Juu yake kuna bahashishi ya wahudumu inayohesabiwa kwa kila siku, vinywaji, intaneti, na matembezi ya bandarini. Andika yote hayo kwenye karatasi moja kabla ya kulipa shilingi ya kwanza. Simu nayo iwekwe kwenye hali ya ndege mara meli inapoondoka gatini, kwa sababu ikishika mtandao wa setilaiti wa melini, bili yake haifai kusikiwa na mgonjwa wa moyo.

Fika mji wa kupandia meli siku moja kabla. Ndege huchelewa, mizigo hupotea, na meli haimsubiri mtu mmoja. Siku ya kupanda, masanduku huchukuliwa gatini na huenda yasifike mlangoni kwako hadi jioni. Basi dawa, pasipoti, nguo ya kubadilisha na ya kuogelea viwe kwenye mkoba wa mkononi.

Zoezi la dharura usilikwepe. Milio saba mifupi na mmoja mrefu ndiyo ishara ya kwenda kituo chako cha kukusanyikia, na kituo hicho kiendee kwa miguu yako, kwa ngazi, hata kama meli yako inaruhusu sehemu ya zoezi kufanyika kwenye simu. Mkataba wa kimataifa wa usalama baharini ulizaliwa mwaka 1914 kutokana na maafa ya Titanic. Costa Concordia ilipogonga mwamba kisiwani Giglio tarehe 13 Januari 2012 na watu 32 wakafa, wengine waliopanda jioni ile walikuwa hawajafanyishwa zoezi, kwa kuwa sheria ya wakati huo ilitoa muda wa saa 24. Baadaye ikabadilishwa, zoezi likawa kabla ya kuondoka au mara tu meli inapoondoka. Sisi tuliozika watu wa MV Bukoba mwaka 1996 na wa Spice Islander mwaka 2011 tunapaswa kuwa wa kwanza kusimama pale kituoni.

Kiini cha ufundi huu, kwa maoni yangu, kiko bandarini, nacho ni kujua cha kuacha. Meli ikifunga kamba Civitavecchia, kila mtu hukimbilia Roma. Treni peke yake inakula saa nzima kwenda na nyingine kurudi. Ukitoa foleni za kuingia Vatikani na hofu ya kuachwa, kinachobaki ni kuiona Roma kwa kuitupia jicho. Anayetaka Roma aifuate siku nyingine kwa ndege, alale huko. Siku hiyo abaki Civitavecchia kwenyewe, atembee ufukweni, ale samaki, na sitaha karibu tupu zimsubiri akirudi.

Palermo ni kinyume chake. Meli hufunga mjini kabisa. Amka kabla ya mapambazuko, upande sitaha ya wazi iliyo karibu zaidi na maji. Utaiona boti ndogo ikitoka bandarini, ikijibana ubavuni mwa meli upande usiopigwa na upepo, mwendo wa vyombo hivyo viwili ukalingana. Ngazi ya kamba imeshateremshwa. Rubani anasubiri boti inyanyuliwe na wimbi, na ikifika juu kabisa anaishika ngazi na kupanda haraka, kabla boti haijaanguka chini yake. Akichelewa kidogo, boti itarudi juu na kumgonga miguu. Abiria wengi bado wamelala wakati mtu huyu anafanya kazi hiyo, tena kila siku. Pale juu mlima Monte Pellegrino unaanza kupata rangi, na kamba za meli bado zimekunjwa kavu.

Ukishuka, usipande basi lolote. Kwa miguu, bila ya haraka, utafika Jumba la Wanormani, na ndani yake Kanisa la Palatina. Inua uso. Dari lake la mbao, la karne ya 12, limechongwa kwa vijipango vya muqarnas na kupakwa picha na maandishi ya Kiarabu, kazi ya mafundi Waislamu ndani ya kanisa la mfalme Mkristo, Roger wa Pili. Katika utawala wa mfalme huyo huyo al-Idrisi alimaliza hapa Palermo, mwaka 1154, kitabu chake cha jiografia na ramani zake, na humo mna Malindi na Mombasa. Mtu ametoka Mombasa mpaka hapa, akakuta mji wake uliandikwa humu zaidi ya miaka mia nane iliyopita! Mimi hilo linanitosha kwa siku nzima. Baada ya hapo ni soko la Ballarò, panelle za moto za unga wa dengu ndani ya mkate, kisha kurudi taratibu.

Jambo moja la kulishika ni saa. Meli hufuata saa yake, na si lazima iwe ya mji: wakati wa kiangazi Tunis iko nyuma ya Italia kwa saa moja, na anayeamini simu yake iliyojibadilisha yenyewe anaweza kuikuta gati tupu. Ukitoka na msafara ulioandaliwa na meli, mkichelewa mtasubiriwa. Ukitoka peke yako, jiwekee saa moja na nusu ya akiba.

Siku ya bahari tupu, isiyo na bandari, wengine huiona hasara. Kwangu ndiyo tunu. Aliyewahi kuvuka mkondo wa Nungwi wakati wa kusi anajua bahari inavyolevya; meli hizi zina mapezi ya chuma chini ya maji yanayopunguza kuyumba, lakini dawa imezwe kabla ya kichefuchefu, tangawizi iwe karibu, na macho yatazame upeo, yaache kitabu. Osha mikono kwa sabuni kila ukienda kula, kwa sababu virusi vya tumbo vinavyopenda meli havitishwi sana na vile vitakasa mikono vya chupa. Anayekula halali aseme siku ya kukata tiketi, asingoje kusimama mbele ya sahani. Na kwa sala, ruhusa ya msafiri ya kupunguza na kukusanya ipo; kazi ni kibla. Sisi wa Mombasa tumezoea kuelekea kaskazini, lakini Mediterania kibla ni mashariki kukiwa na kusini kidogo, na chombo chenyewe hugeuka. Dira ya simu huchanganywa na chuma cha meli. Fungua ile chaneli ya televisheni ya chumbani inayoonyesha ramani na mwelekeo, ujue omo imetazama wapi, kisha ujipime kutoka hapo.

Mhudumu wa chumba muulize jina siku ya kwanza na umwite kwa jina hilo. Mkataba wake ni wa miezi mingi bila ya kuiona familia, na kati ya wahudumu hawa wamo vijana wa kwetu pia. Salamu ya Kiswahili kwenye korido huwasimamisha.

Usiku wa mwisho masanduku huwekwa nje ya mlango, na asubuhi yako gatini. Wapo waliofungasha kila kitu wakabaki na nguo za kulalia. Acha nguo za kesho, viatu na pasipoti. Mwenye mzigo mwepesi anaweza kuubeba mwenyewe akashuka na wa kwanza. Ndege ya kurudi usiikate ya asubuhi hata ikiwa rahisi, kwa maana kuteremsha maelfu ya watu huchukua saa nyingi. Ikate ya alasiri, na Barcelona itakuwa na kahawa ya kukunywesha kabla ya uwanja wa ndege.