Injini Moja Shambani na Barabarani

Wapenzi wa magari ya zamani husema Triumph TR2, gari la kasi la Uingereza lililotoka mwaka 1953, lilifungwa injini ya trekta. Kauli hiyo ni nusu ya ukweli. Anayetaka nusu iliyobaki apime kipenyo cha silinda.

Vita vilipokwisha mwaka 1945, mvumbuzi Harry Ferguson alikuwa na trekta ila hakuwa na pa kulitengenezea nchini Uingereza. Kampuni ya Standard, mmiliki wa Triumph, huko Coventry, ilikuwa na kiwanda cha Banner Lane kisicho na kazi. Wakakubaliana, na mwaka 1946 matrekta ya TE20 yakaanza kutoka, kwanza yakiwa na injini ya Continental kutoka Marekani. Muda si mrefu nafasi yake ikachukuliwa na injini ya Standard yenyewe, ya silinda nne, ambayo pia iliendesha gari lao la Vanguard.

Ustadi wote uko kwenye slivu. Silinda hazikuchongwa ndani ya bloku. Slivu, yaani mirija ya chuma ambamo pistoni hucheza, zilipachikwa humo, na maji ya kupoza yakazizunguka na kuzigusa. Mwendo wa pistoni ulikuwa milimita 92 kote. Slivu ya milimita 80 ilitoa injini ya sentimita za ujazo 1,850, ya matrekta ya kwanza kupewa injini ya Standard. Ya 85 ilitoa 2,088, ya Vanguard, na baadaye matrekta nayo yakapewa. TR2 ilipewa ya 83, ikawa 1,991, chini kidogo ya lita mbili. Mkulima naye alinufaika: slivu ikilika, huchomolewa ikapachikwa mpya, bila kupeleka bloku kuchongwa.

Basi injini hizo ni ndugu, ila zililelewa kwa kazi tofauti. Ya TR2 ilitoa nguvu za farasi 90 kwa mizunguko 4,800 kwa dakika. Ya trekta haikufika 30, kwa mizunguko 2,000. Wapo wanaouona huo kuwa unyonge. Kwangu ni busara kubwa. Gari huhitaji nguvu yake yote kwa muda mfupi tu, na likikimbia upepo husaidia kupoza rejeta. Trekta huvuta jembe kutwa nzima kwa mwendo wa mtu anayetembea, na rejeta yake hutegemea feni.

Kisha kuna gavana, kifaa ambacho gari halikuwa nacho. Jembe likikutana na udongo mgumu na injini ikaanza kulemewa, gavana hufungua kabureta. Jembe likiinuliwa, huibana kabla injini haijapaa. Sampu, yaani beseni la oili chini ya injini, pia ni nyingine. Ya gari ni bati. Ya TE20 ni chuma kizito cha kalibu, kwa sababu trekta hilo halina fremu: injini ndiyo inayoshika ekseli ya mbele na kuiunganisha na giaboksi. Kwa hiyo injini ya Vanguard haihamishiwi kwenye trekta kama ilivyo.

Wewe unayetaka kufunga injini ya gari kwenye pampu au mashine ya kusaga, usipange kazi kwa nguvu za farasi zilizoandikwa kwenye kitabu cha gari. Chagua mzunguko wa chini ambao injini itauhimili kutwa, ongeza uwezo wa kupoza, na usiiwashe kazini kabla hujaifunga gavana.