Kimvita na Suala la Usanifu: Funzo kutoka Austria

Wahakiki wengine wa ushairi huzihesabu tofauti za Kimvita kuwa ama pambo la kishairi, ama kasoro ya lugha. Maoni hayo yamejengwa juu ya dhana kwamba lugha moja haiwezi kuwa na usanifu zaidi ya mmoja.

Kijerumani kinaikanusha dhana hiyo. Austria ina kamusi yake rasmi tangu 1951, na ilipojiunga na Umoja wa Ulaya mwaka 1995, maneno yake 23 ya vyakula yalitambuliwa kisheria sambamba na yale ya Ujerumani. Kiazi ambacho Mjerumani hukiita Kartoffel, Mwaustria hukiita Erdapfel, wala hahesabiwi kuwa amekosea.

Kimvita hakikujaliwa hivyo. Krapf, mmishonari Mjerumani aliyekaa Rabai, alikitegemea sana katika kamusi yake ya 1882. Lakini mkutano wa 1928, uliofanyika Mombasa kwenyewe, ulikiteua Kiunguja kiwe msingi wa usanifishaji. Hivyo ndia, mato na nti yakawapisha njia, macho na nchi.

Diwani ya Abdilatif Abdalla, Sauti ya Dhiki (1973), iliyotungwa gerezani, yatosha kuwa jibu. Humo Kimvita si nyenzo ya kupatia vina tu. Ndicho kibebacho hoja na uchungu wa mfungwa wa kisiasa. Mwaka 1974 diwani hiyo ilipata Tuzo ya Jomo Kenyatta.

Uzito wa suala hili huonekana katika mtaa kama Kisumu Ndogo, Malindi, ambao jina lake laukumbusha mji wa ziwani. Katika mji huo Kiswahili cha pwani, Kigiriama na Kiswahili cha watu wa bara hukutana. Mtoto aliyezoea kuitwa na mamaye kwa neno ‘ndoo’ hufunzwa darasani kwamba ndoo ni chombo cha maji tu. Baadaye hutakiwa alisifu neno lilo hilo katika shairi.

Ni kweli kwamba Austria ni dola, na Wamvita hawana dola. Lakini hiyo ndiyo sababu ya wajibu kuwaangukia wanataaluma. Kiswahili sanifu na kiendelee kutumika katika ofisi na mitihani. Kimvita nacho kiingizwe kamusini kwa jina lake, na kihakikiwe kwa kanuni zake chenyewe.