"Dawa ya Wadudu": Uhakiki wa Istilahi

Apitaye katika mitaa ya Kariakoo, Dar es Salaam, hakosi kumsikia mchuuzi akinadi dawa ya mende, ya kunguni na ya mbu. Lugha hiyo ya sokoni haina kosa. Neno dawa hutumika kwa kitu chochote kinachotimiza haja ya mtumiaji, kama tusemavyo dawa ya viatu. Hoja yetu ni juu ya mfasiri anayelitia neno hilo katika maandishi ya taaluma na matangazo ya ofisi, ambamo usahihi ndio utakiwao.

Kwanza, dawa huponya. Aaminiye kwamba ameshika dawa haoni ubaya wa kuoshea bomba lake mtaroni. Mvua inyeshapo, maji ya mitaro ya mjini huingia katika bonde la Msimbazi, na bondeni humo hulimwa mboga zinazoliwa na wakazi wa jiji.

Pili, msemo huo hautaji ni wadudu gani wanaokufa. Tuchukue mfano wa kereng'ende. Watoto wake huishi majini na hula viluwiluwi vya mbu. Sumu iingiapo majini huua windo na mwindaji. Mwindaji aliyesalimika hukosa chakula, na mwili wenye njaa huwa na nguvu chache za kuishinda sumu. Hivyo uchafuzi na njaa husaidiana kumwangamiza. Mbu, ambaye huzaliana upesi, hurudi kabla ya adui zake.

Je, neno kiuatilifu linatufaa? Limekwisha kukubalika, na limo katika jina la Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu Tanzania, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2020. Lakini kiini chake ni tilifu, yaani kuharibu. Kwa hiyo hudokeza kwamba kinachouawa ni kiharibifu. Shambani dhana hiyo inafaa. Mtoni inapotosha, kwani kereng'ende hajaharibu kitu. Isitoshe, neno hilo hujumlisha pia sumu za magugu na za kuvu.

Kwa hiyo twapendekeza kiuadudu litumike panapozungumzwa uchafuzi wa maji, na sumu ya wadudu katika matangazo ya umma. Vilevile kiluwiluwi, neno ambalo hutumika pia kwa mtoto wa chura, libaki kwa mbu kwa kutajwa wazi: kiluwiluwi cha mbu. Mtoto wa kereng'ende aitwe tunutu, kama aitwavyo mtoto wa nzige. Uhaba wa chakula nao usichanganywe na njaa: uhaba ni hali ya mahali, njaa ni hali ya mwili.

Huenda pakawa na watakaosema kwamba haya ni mambo madogo. Lakini mwalimu anayefundisha kwamba dawa imeua wadudu mtoni amesimulia ushindi. Anayefundisha kwamba kiuadudu kimewaua tunutu amesimulia hasara. Mwanafunzi hana budi kujua ni lipi lililotokea.