Barua za mgonjwa wa Vailima

Barua ya mgonjwa aliye ugenini inayomchekesha anayeisoma naiheshimu kuliko riwaya nyingi nzuri. Sisi tuliozoea kufungua barua kwa "mimi ni mzima, hofu na mashaka ni juu yako" tunajua kuwa hata aliyelazwa kitandani huandika hivyo hivyo, asije akawatia watu wasiwasi. Robert Louis Stevenson, ambaye wengi wetu tulikutana naye katika *Kisiwa chenye Hazina*, hakuficha ugonjwa. Aliutaja, kisha akautania.

Mwaka 1890 alinunua shamba la Vailima, juu ya mji wa Apia, Samoa. Mapafu yalimsumbua tangu utotoni, na baridi ya Uskoti asingeihimili tena. Huko alijenga nyumba, akaandika vitabu vya kuilisha jamaa kubwa iliyomtegemea, na mwezi baada ya mwezi akamwandikia rafiki yake Sidney Colvin wa British Museum, London. Kwa kuwa ilibidi kungoja meli, barua ilikua kidogo kidogo: leo kurasa mbili, kesho mistari michache, keshokutwa visa vya nguruwe waliovunja ua.

Itazame mojawapo kwa karibu. Anaanza kwa kumwambia Colvin kwamba safari hii amelipwa anachostahili, maana atapata kivuli tu cha barua. Ndipo anaitaja homa: haikutaka kupanda ikaeleweka, wala haikutaka kuondoka. Ikafuata shida ya tumbo, iliyomchosha hadi akawa anayumba kati ya kuwa macho na kuota jinamizi. Mpangilio huo ni wa fundi. Utani wa deni umetangulia, kwa hiyo habari mbaya inamkuta Colvin ameshatabasamu. Nayo homa imekuwa kama mgeni asiye na adabu, amesimama mlangoni, haingii wala haendi zake. Ugonjwa wote umekwisha kwa maneno machache, na bado hakuna kilichofichwa: jinamizi lile ni la kweli, na msomaji analisikia.

Nafasi aliyoinyima homa aliyapa magugu. Kulikuwa na kifauongo shambani, mmea ule ule unaofumba majani ukiguswa, na Stevenson aliuchukia kwa dhati. Anausimulia kama adui mwenye hila: unajikunja kwa woga ukiuona mkono, huku mizizi imekamata mawe na miiba inachoma vidole. Mtu aliyetema damu mara nyingi maishani mwake anarudi nyumbani na matope mwili mzima, kisha anaandika kwa furaha kwamba akitoka kufyeka na kuchuma senti chache, dhamiri yake pumbavu humshangilia, lakini akikaa ndani na kuandika hadi apate pauni 20, humlilia kwamba siku imepotea bure. Kila anayeishi kwa kalamu anaijua dhamiri hiyo.

Januari 1893 yakaja mafua makali, na damu. Alikatazwa kusema. Akaendelea na riwaya yake *St. Ives* kwa vidole, akimtajia binti wa mkewe, Isobel, herufi moja moja kwa alfabeti ya viziwi, naye akiandika. Ukijua kwamba kazi ilimgharimu hivyo, ule wepesi wa barua zake unauona kwa jicho jingine. Wepesi huo ulitengenezwa, na aliyeutengeneza alikuwa amechoka sana.

Lakini alijua pia mahali utani unapokoma, na hapo ndipo ninapomstahi zaidi. Mwaka 1894 Colvin alilalamika kwamba barua zimejaa habari za Wasamoa, tena akawataja kwa maneno ya dharau kuhusu rangi yao. Stevenson angeweza kuyapitisha maneno hayo kwa kicheko, kama alivyoipitisha homa. Hakufanya hivyo. Alimjibu waziwazi kwamba maisha yake yanapita miongoni mwa watu hao, na kwamba rafiki aliyeko London hana budi kujitahidi kidogo kuyawazia. Alifariki Desemba mwaka huo huo, akiwa na miaka 44. Barua zikachapishwa mwaka 1895, na Colvin mwenyewe ndiye aliyezihariri.