Sikio la Hansard

Fungua taarifa rasmi yoyote ya Bunge kutoka Dodoma, ukurasa wowote, utaona aya karibu zote zinaanza kwa maneno yaleyale: "Mheshimiwa Spika". Mbunge alipokuwa amesimama ukumbini hakutamka aya. Alizungumza mfululizo, akakohoa, akarudia nusu ya sentensi, akaingiliwa na mwenzake, na kila alipotaka kuvuta pumzi akamtaja Spika. Aliyeketi na sauti ile baadaye, hedifoni masikioni, ndiye aliyetambua kwamba pumzi hiyo ilikuwa mwanzo wa hoja nyingine, akashuka mstari. Adabu ya ukumbini ikawa alama ya uandishi. Sijui uandishi mwingine wa Kiswahili ambao umepata njia nyepesi kama hii ya kuonyesha mahali fikra inapogeuka, na hautaji jina la aliyeufanya.

Shuka kidogo kwenye ukurasa huohuo utakuta neno moja ndani ya mabano: (Makofi). Linaonekana rahisi. Lakini makofi huchelewa. Huanza upande mmoja wa ukumbi wakati msemaji ameshaingia sentensi nyingine. Mwandishi akiyaweka pale yaliposikika, msomaji wa miaka ishirini ijayo ataamini Bunge lilishangilia jambo ambalo halikushangiliwa. Lazima ajue ni kauli ipi iliyoyaleta. Sauti iliyorushwa kutoka viti vya nyuma bila mwenyewe kutambulika huandikwa kwa jina la MBUNGE FULANI, wala hakuna anayebahatisha jina. Kengele ikilia kuashiria kwisha kwa muda wa mzungumzaji, nayo huandikwa. Na mbunge akiamriwa kufuta kauli, akaifuta, mbele ya kauli hiyo huwekwa onyo kwamba maneno hayo siyo taarifa rasmi ya Bunge.

Halafu kuna ndimi. Wabunge hutoka kila pembe ya nchi, na wako wengi ambao kwao r na l hupishana wakati wowote. Mtu akisema "wananchi wangu wamenyimwa kula", analia njaa au analalamikia uchaguzi? Kama mjadala ni wa ukame wa Bahi na Chamwino, ambako mtama na uwele husubiri msimu mmoja tu wa mvua kwa mwaka, basi ni kula. Kama ni wa uchaguzi wa serikali za mitaa, ni kura. Akisema "mahari pa kujenga zahanati", ile "pa" inamwokoa mwandishi, maana mahari ya bibi harusi haina "pa". Sarufi, ajenda ya siku, jimbo la msemaji, hata mzaha wa juzi ukumbini: vyote vinaingia kazini ili herufi moja ikae sawa.

Kazi hii ilitujia na jina la familia ya wachapaji wa London, akina Hansard, na huku ilianza kwa Kiingereza, enzi za Baraza la Kutunga Sheria la Tanganyika lililoanzishwa 1926. Kiswahili chake kilijengwa baada ya Uhuru na watu ambao hawakuwa na mfano wa kuiga.

Sasa mtambo umebisha hodi mjini Dodoma, ila kwa jirani. Mahakama ya Tanzania, ambayo makao makuu yake mapya yalizinduliwa hapa 2025, imeanza kutumia mfumo wa akili unde wa kunukuu na kutafsiri mienendo ya mashauri, ikishirikiana na kampuni ya Almawave ya Italia. Naupokea kwa furaha. Kwa miongo mingi, katika mahakama zilizo juu ya zile za mwanzo, hakimu alimsikiliza shahidi huku akiandika kwa mkono, shahidi akisema Kiswahili na kalamu ikiandika Kiingereza, mpaka marekebisho ya sheria ya 2021 yalipokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama. Hakimu anayeandika kila neno hapati nafasi ya kumtazama shahidi usoni.

Mitambo ya aina hii huigeuza sauti kuwa picha ya mawimbi mazito na mepesi, kisha hukisia neno linalofuata kwa kuitazama picha hiyo pamoja na maneno ambayo imeshayaandika. Whisper, programu iliyotolewa na OpenAI Septemba 2022, ilifundishwa kwa saa 680,000 za sauti na husikiliza rekodi kwa vipande vya sekunde 30. Inastahili heshima yake. Ila ina kasoro inayojulikana: ukimya ukirefuka, inaweza kuandika sentensi ambayo hakuna aliyeitamka. Kwenye video ya harusi hilo linavumilika. Kwenye ushahidi wa kesi ya mauaji halivumiliki.

Wanaotoa maandishi kwenye video za Kikantoni wanaufahamu ugumu wa kugeuza sauti kuwa maandishi kutoka upande mwingine. Lugha hiyo ina toni sita. Silabi ileile ikipanda au ikishuka ni neno jingine. Tena kinachosemwa sicho kinachoandikwa: kwenye runinga ya Hong Kong mtangazaji huzungumza Kikantoni, na maandishi yanayopita chini ya skrini kwa kawaida ni Kichina sanifu. Whisper iliwekewa alama maalumu ya Kikantoni Novemba 2023. Mtambo unaofundishwa kwa maandishi yale ya runinga hujifunza kusikia, na papo hapo hujifunza kusahihisha, hata pale unapotakiwa kuandika neno kama lilivyotoka mdomoni.

Hansard yetu ina hali hiyohiyo. Sauti ya Bunge pamoja na maandishi yake ni hazina ambayo mfundishaji yeyote wa mtambo wa Kiswahili angeitamani, maana imekusanya lafudhi za nchi nzima. Lakini maandishi yale yameshapita mkononi mwa fundi: kigugumizi kimeondolewa, "kula" imeshakuwa "kura", pumzi zimeshakuwa aya. Mtambo ukifundishwa kwa hayo utaiga usafi bila kujua kilichosafishwa. Ili ufundishwe vizuri, inabidi mtu arudi kwenye rekodi na kuandika upya kila kikohozi na kila r iliyopotea, kando ya maandishi rasmi. Wenye sikio la kuifanya kazi hiyo wapo tayari, wameajiriwa palepale bungeni, na malipo yake yanapaswa kuwa ya kifundi.