Ukoko wa Nyama ya Bourgogne

Mara ya kwanza nilipopika boeuf bourguignon, yaani nyama ya ng'ombe kwa divai ya mtindo wa Bourgogne, nilimimina kilo moja na nusu ya nyama kwenye sufuria kwa mpigo mmoja. Mafuta yalilia chaaa, kisha yakanyamaza. Dakika kumi baadaye nyama ilikuwa inaogelea katika maji yake yenyewe, imekuwa ya kijivu kama tambara la kudekia. Nikatia divai, nikafunika, nikangoja saa tatu. Ililainika, sikatai, lakini mchuzi ulikuwa mchachu na mwepesi. Nikailaumu divai. Niliionea bure.

Bourgogne, mashariki mwa Ufaransa, ina mizabibu ya Pinot Noir na ng'ombe weupe wa Charolais, kwa hiyo nyama na divai kukutana chunguni hakukuhitaji mjuzi. Kilichohitaji akili ni maji: yatoke lini, yaingie lini.

Nyama ikiwa na umajimaji juu, joto lote linaishia kuugeuza mvuke, na palipo na maji halijoto haipandi sana kupita 100°C. Rangi ya kahawia, pamoja na ile harufu inayomfanya jirani achungulie, huja kwa kasi nyama inapopata 140°C na zaidi, protini na sukari zake zinapoungana. Aliyeueleza muungano huo mwaka 1912 alikuwa Mfaransa, Louis-Camille Maillard. Julia Child na wenzake wawili, Simone Beck na Louisette Bertholle, katika kitabu chao cha 1961 kilichowafundisha Wamarekani upishi wa Kifaransa, wanamwagiza mpishi akaushe nyama kwanza. Ni agizo dogo ambalo wengi wetu tunaliruka tukikimbilia chupa. Siku hizi nafuta kila kipande kwa kitambaa safi, kisha nakaanga vipande sita au saba kwa awamu, visigusane. Kazi hiyo hula karibu nusu saa.

Malipo yako chini ya sufuria. Ukoko uliogandia pale, wa kahawia iliyokolea, ndio roho ya mchuzi. Sisi tuliogombea ukoko wa wali utotoni hatuhitaji kuelezwa thamani yake. Divai inamiminwa hapo, mwiko unakwangua, na kila kilichogandia kinayeyukia humo. Ukiungua ukawa mweusi, umwage. Uchungu wake hauondoki kwa dua wala kwa sukari. Kitabu kinataka pia nyama inyunyiziwe unga na kuingizwa kwenye oveni kali mara mbili, dakika nne nne. Nimejaribu. Tofauti niliyoiona haikunishawishi kuosha chombo kingine.

Kuhusu nguruwe wa chumvi ambaye mapishi haya huanza kwa kumkaanga: asiyemla atumie mafuta ya kupikia, hakuna kitakachoharibika. Asiyetumia divai, huyo anapika chakula kingine, na hakuna ubaya.

Sasa nyama yenyewe. Steki ya bei mbaya hapa ni hasara, kwa sababu haina kano za kutosha na baada ya saa tatu inakuwa makapi. Omba shingo, bega au muundi. Kolajeni iliyomo, ikishikiliwa kwenye moto mdogo kwa saa mbili na nusu hadi tatu, hugeuka jelatini, kitu kilekile kinachofanya supu ya makongoro inate midomoni. Oveni ya 160°C hivi hufaa kuliko jiko, kwani joto huizunguka sufuria pande zote. Povu moja hapa, jingine pale, basi. Ikitokota kwa fujo, nyuzi za nyama hujikaza na kukamua maji yake mapema.

Uyoga na vitunguu vidogo havipikwi humo. Uyoga karibu wote ni maji; ukitiwa mapema utauchakachua mchuzi uliouhangaikia. Vikaangwe kando kwa siagi mpaka vipate rangi, viingie mwishoni, baada ya mchuzi kuchujwa na kuchemshwa hadi upake mgongo wa kijiko.

Halafu usile siku hiyo. Kesho yake, sufuria ikitoka kwenye friji, mchuzi utakuwa umeganda ukitikisika, na mafuta yamekaa juu kama kifuniko cheupe. Yatoe kwa kijiko kabla hujapasha moto.